Garrick Tolliver na Mtihani wa Agosti

Ijumaa tarehe 1 Agosti, Garrick Tolliver anastaafu rasmi baada ya misimu kumi na mitatu akiwa mrushaji wa Wahunzi wa Brannock, yaani yule anayewatajia wenzake mpango wa kushambulia na kuurusha mpira. Hakuna mrushaji mwingine aliyevaa jezi yetu kwa muda mrefu hivyo tangu klabu ianze kucheza mpira wa Kimarekani katika mji huu. Sherehe itafanyika uwanjani saa kumi na moja jioni. Kutakuwa na mbawa za kuku, keki yenye namba 11, na hotuba tatu, mbili kati ya hizo zikiwa za watu ambao mwaka jana hawakumpigia simu hata mara moja.

Mimi ni mtunza vifaa. Nimekaa katika chumba kilicho chini ya jukwaa la mashariki kwa miaka thelathini na mmoja, nikifua, nikishona na kukaza skrubu za helmeti, na wachezaji wananiita Mzee Clete. Bi Prudence Okerlund, mhariri wa jarida letu, aliniomba niandike wasifu huu kwa kuwa namjua Garrick kuliko wengi. Alitaka kurasa chache changamfu, zenye vichekesho, zisizogusa mambo ya hospitali. Nilimpelekea hizi unazosoma. Alizirudisha zimekatwakatwa kwa kalamu nyekundu kiasi kwamba hata jina la mke wa Garrick lilikuwa limefutwa. Nikampelekea tena zilezile. Zimechapishwa jinsi zilivyo kwa sababu moja tu, kwamba Garrick alimwambia zikiguswa neno moja, Ijumaa hakanyagi uwanjani na keki watakula wenyewe.

Si mtu wa masharti, Garrick. Hili ni la kwanza nililowahi kumsikia akilitoa kwa klabu hii. Anataka wachezaji wote themanini na wanane wasome kurasa hizi kabla ya Jumamosi saa mbili asubuhi, watakapoketi kufanya mtihani wa ubongo wa kila Agosti. Ndicho kitu cha kwanza alichoomba apewe kwa miaka yake yote. Saa ya mkononi ya kumuaga tulishamnunulia, na yeye hajaitaka.

Tuanze na vichekesho, maana kweli vipo na ni vyake kwa haki.

Asubuhi yake ya kwanza hapa alipotea. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili kutoka shamba la mahindi huko Nebraska, na chuo alichochezea kilikuwa na mlango mmoja tu wa kuingilia na kutokea. Badala ya chumba cha kubadilishia nguo aliingia chumba cha kufulia, akavua shati, akakaa juu ya kikapu cha taulo akisubiri kuitwa mkutanoni. Nilimkuta pale baada ya nusu saa. Aliona aibu mpaka akaanza kukunja taulo, na alizikunja vizuri. Nikamwambia kurusha kukimshinda, kazi ninayo.

Misimu miwili ya mwanzo alikaa benchi. Hakulalamika. Alikuja chumbani kwangu kila alasiri kunitazama nikiandaa mipira, kwa sababu mpira mpya hutoka kiwandani ukiwa na nta na unateleza, na lazima usuguliwe kwa brashi na maji mpaka ngozi ikubali vidole. Kila mrushaji ana namna anayoitaka. Garrick alitaka mishono ibaki mikali na tumbo la mpira liwe laini, na baada ya mwaka mmoja nilikuwa naweza kuutambua mpira wake nikiwa nimefumba macho. Yeye alikuwa akisugua na mimi, hata alipokuwa nyota. Kazi hiyo si ya nyota, na makocha walimwambia hivyo, naye akawa anafunga mlango.

Msimu wa tatu mrushaji aliyekuwa mbele yake alivunjika mfupa wa bega. Garrick aliingia, na hakutoka tena kwa karibu miaka kumi. Alirusha yadi elfu thelathini na moja. Alitufikisha hatua ya mtoano mara nne, na mara moja tulibakiza mechi moja tu kufika fainali, tukafungwa kwenye theluji na timu ambayo sitaitaja kwa kuwa bado inanichefua. Mji wa Brannock ulishafungiwa viwanda viwili vya chuma katika miaka hiyo, na kuna watu hapa watakaokuambia kwamba Jumapili za Garrick ndizo zilizowatoa kitandani. Nawaamini.

Alikuwa na hofu moja inayojulikana na kila mtu. Kila Oktoba mabata bukini hutua kwenye uwanja wa mazoezi wakielekea kusini, na Garrick alikuwa akiwaogopa vibaya sana. Bo Reznik, pande la mtu lenye kilo mia moja na arobaini ambalo kazi yake ilikuwa kumpa Garrick mpira kwa kuupitisha katikati ya miguu na kisha kuwazuia wanaomjia, hakuwahi kumwachia hilo lipite.

"Mwangalieni mrushaji wenu," Bo aliwaambia wenzake siku moja, Garrick akiwa amejificha nyuma ya gari la maji. "Majitu mazima yanamkimbilia yakitaka kumvunja shingo, anasimama wima. Bata kamtazama tu, huyo kakimbilia ndani."

"Majitu yana refa, Bo," Garrick akajibu bila kutoka alipo. "Huyo bata anafuata sheria ya nani?"

Krismasi iliyofuata, wakati mrushaji anapowanunulia zawadi wale watano wanaomkinga, kama ilivyo desturi, kila mmoja alipata jiko kubwa la kuchomea nyama na bata mmoja aliyegandishwa. Bo aliuchoma mlango wa banda la gari lake siku hiyohiyo. Mlango bado una alama ya moshi, naye anawaonyesha wageni.

Hapa ndipo Bi Okerlund angependa nimalizie.

Kwenye lango la kusini la uwanja wetu kuna picha ya Garrick yenye urefu wa ghorofa mbili. Anainuka kutoka chini, nyasi zimenasa kwenye helmeti yake, kidevu kina damu, na chini yake imeandikwa neno moja kwa herufi kubwa: CHUMA. Wazazi huwasimamisha watoto wao mbele yake na kuwapiga picha. Nimepita chini ya picha hiyo kila siku ya kazi kwa mwaka mzima na nusu, na kila siku natamani ngazi na kisu. Garrick hakumbuki siku ile. Hakumbuki kuinuka, hakumbuki nyasi, na tuliposhinda kwa pointi tatu hakujua tumeshinda mpaka alipoambiwa Jumatano.

Ilikuwa Novemba, msimu wa kumi na mbili. Katika robo ya pili aligongwa wakati mpira unamtoka mkononi, na kisogo kikapiga chini kwanza. Aliinuka. Wachezaji walipokusanyika kumsikiliza, alitaja kwa sauti kubwa mchezo, yaani mpango wa shambulizi, ambao hatuna. Ulikuwa mchezo wa chuo chake, wa miaka kumi na mitatu nyuma. Bo alimwambia polepole kwamba hatuna mchezo huo, naye akautaja tena, safari hii akimwita Bo kwa jina la mtu mwingine. Bo akainua mkono kuomba mchezo usimame. Nakuandikia hilo kwa sababu watu wamewahi kumwambia Bo kwamba angenyamaza, na kwa maoni yangu yeye ndiye mtu pekee aliyefanya kazi yake sawasawa siku ile.

Daktari wetu, Lindqvist, alimpeleka ndani ya hema dogo la pembeni na kumpima. Sasa sikilizeni jinsi upimaji huu unavyokwenda, hasa ninyi wageni. Kila Agosti, kabla ya mazoezi ya kwanza, kila mchezaji huketi mbele ya kompyuta. Anaonyeshwa maneno, namba na maumbo, kisha anaulizwa alichokiona na jinsi alivyo mwepesi kukikumbuka. Alama zake zinawekwa. Akigongwa kichwa wakati wa msimu, anapimwa tena na alama mpya zinalinganishwa na zile za Agosti. Zikishuka, anakaa nje. Zikiwa zilezile, anarudi kucheza.

Garrick alipimwa, alama zikawa zilezile. Akarudi uwanjani. Katika robo ya nne akagongwa tena, na ile ndiyo picha ya langoni.

Zilikuwa zilezile kwa sababu za Agosti zilikuwa za uongo. Wachezaji wote wanaujua mchezo huu na hakuna ofisi inayotaka kuusikia. Chumbani tunauita kulala Agosti. Unaketi mbele ya kompyuta ukiwa mzima, unakumbuka maneno kumi, unaandika matano. Unaliona umbo, unasema hukuliona. Unajifanya mzito kwa makusudi, ili siku ukiwa mzito kweli asijue mtu. Garrick, aliyekuwa na michezo mia nne kichwani na angeweza kukuambia nani alisimama wapi katika mechi ya miaka sita nyuma, alikuwa akilala Agosti kila mwaka kwa miaka kumi na miwili. Alipata alama arobaini na nne kati ya mia, na akatoka akicheka.

Ameniruhusu niandike yaliyofuata, na ameyasoma kabla yenu, aya moja kwa siku, kwa sababu zaidi ya hapo kichwa kinamuuma.

Alikaa majuma sita katika chumba chenye mapazia mazito, akiwa na kola ngumu ya matibabu shingoni. Mlio wa kijiko kwenye kikombe ulimfanya atapike. Alijifunza upya kutembea juu ya mstari uliochorwa sakafuni, akiwa ameshikwa kiuno na mwanamke mfupi wa tiba aliyekuwa akimwita mzembe, na anasema ndiye kocha bora aliyewahi kuwa naye. Maneno yalimpotea. Alijua kijiko ni kitu cha kulia supu ila jina lilikuwa haliji, na hasira ilikuja badala yake. Siku moja alirusha sahani ya makaroni ukutani, mabinti zake wawili wakiwa mezani. Aliniambia hilo niliandike pia, na nisilipake sukari. Mdogo aliingia chini ya meza na hakutaka kutoka, na Garrick alilala sakafuni nje ya ile meza akimwomba msamaha mpaka mtoto akasinzia.

Machi iliyofuata, Lindqvist alimpima tena, mtihani uleule. Safari hii Garrick hakulala. Alikuwa ameomba usiku uliotangulia kwamba afaulu. Alijibu kila alichokiona na kukikumbuka, alitokwa na jasho mpaka shati likalowa, na alitumia muda wote aliopewa. Alipata arobaini na tatu.

Baada ya juma moja barua ikaja nyumbani kwake. Ilisema kwa furaha kwamba mgonjwa amerudi katika kiwango chake cha kawaida na anaruhusiwa kuanza mazoezi.

Noreen, mkewe, aliisoma akiwa amesimama jikoni. Nilikuwepo, nilikuwa nimewaletea mkate wa nyama. Aliisoma mara mbili, akaiweka juu ya meza na kuilainisha kwa kiganja.

"Kiwango cha nani?" akasema. "Jana umewasha gesi ukatoka nje kufyeka majani. Mtu gani huyo waliyempima Agosti, Garrick? Mimi nimeolewa na nani?"

Akamwambia. Ndiyo mara ya kwanza alipomwambia, baada ya miaka kumi na miwili. Noreen alisikiliza mpaka mwisho, akachukua funguo za gari, akawachukua wasichana shuleni, na hakuzungumza naye siku mbili. Siku ya tatu alimwuliza swali ambalo hakuna daktari ambaye ameweza kulijibu hadi leo: alikuwa na akili kiasi gani kabla ya kugongwa. Hatujui. Hakuna hata siku moja Garrick aliyowahi kupimwa akiwa mzima na akajibu kweli. Madaktari wanaomtibu wanauliza kiasi kilichopotea, na hakuna mahali kilipoandikwa.

Unaweza kuona mtego wenyewe. Kwenye karatasi, mtu huyu alikuwa amepona. Kocha alikuwa ameshampangia mazoezi, jezi zilikuwa zimeshauzwa, na yeye angeweza kunyamaza, kuvaa helmeti, na kugongwa mara ya tatu akiwa na barua ya daktari mfukoni. Anakiri kwamba aliwaza hivyo. Anasema aliwaza hivyo kwa majuma matatu, kwa sababu hajui kazi nyingine na kwa sababu watu langoni walikuwa wakimwita Chuma. Halafu alimsaidia binti yake mkubwa kazi ya shule, hesabu za darasa la tatu, akashindwa, na mtoto akamwambia kwa upole asijali, wataendelea kesho. Asubuhi yake alikwenda kwa Lindqvist na kueleza kila kitu.

Lindqvist aliuliza nani alimfundisha. Garrick akasema alijifundisha mwenyewe. Alimwuliza tena, na meneja akamwuliza kwa mara ya tatu mbele ya mwanasheria, na jibu likawa lilelile. Kisha wakamwomba asilizungumze jambo hilo nje mpaka klabu itakapolichunguza, naye akakubali, na hiyo ndiyo aibu yake anayotaka niitaje. Alinyamaza msimu mzima wa kumi na tatu, akiwa amesimama pembeni ya uwanja na fulana ya mazoezi. Jarida hili hili mnalolishika liliandika kwamba ana maumivu ya mgongo. Mgongo wake ni mzima. Mwaka jana Agosti, uchunguzi ukiwa bado haujaanza, wachezaji themanini na tisa waliketi kwenye kompyuta zilezile, na mimi niliwasikia wakitoka wakicheka jinsi walivyolala.

Nimekasirika, na sitaomba radhi kwa hilo kwenye karatasi ya sherehe. Nimemkasirikia daktari aliyeona mtu anayeendesha timu nzima kwa kichwa akipata arobaini na nne miaka kumi na miwili mfululizo na asishangae. Nimewakasirikia makocha waliokuwa wakitabasamu. Nimeikasirikia picha. Nilimkasirikia Garrick mwenyewe, na nilimwambia, jikoni kwake, kwamba mtu mwenye watoto hapaswi kuwa mjinga kwa makusudi. Aliniacha nimalize. Aliniangalia tu, hakusema kitu, na nilipofika nyumbani sikuweza kula.

Hakusema kitu kwa sababu anajua, na mimi najua, nani alimfundisha. Ni mimi.

Ilikuwa Agosti yake ya kwanza. Tulikuwa tukisugua mipira. Alikuwa na wasiwasi kuhusu mtihani wa kesho yake, akidhani ni wa kuchagua nani abaki kwenye timu, na alikuwa amekesha akijifunza orodha za maneno kama mtoto wa shule. Nilicheka. Nilikuwa nimewaona vijana wengi wakikaa nje majuma matatu kwa kugongwa kidogo, na waliporudi nafasi yao ilikuwa imechukuliwa. Nilidhani namsaidia.

"Usijitie akili nyingi kesho," nilimwambia. "Kosa hapa na pale, lakini usipitilize. Siku ukigongwa watakupima tena, watakuta uko vilevile, unarudi kazini."

"Si ni kudanganya huko, Mzee?"

"Hapa hatuiti hivyo. Wape alama arobaini na kitu, ukalale."

Alinishukuru. Sikumfundisha yeye peke yake. Nimejaribu kuwahesabu na nimefika majina arobaini na moja, wengine wao wako kwenye timu hii sasa hivi na wanajijua. Hakuna aliyenituma. Niliona ni sehemu ya kazi, kama kukaza mkanda wa kidevu. Nilikaza mikanda yao, nikapuliza hewa kwenye helmeti zao ziwabane sawasawa, kisha nikawafundisha namna ya kufanya vyote hivyo visiwe na maana.

Juni mwaka huu nilikwenda kwa Lindqvist, nikaketi, nikamwambia jina ambalo Garrick alikataa kulisema mara tatu. Aliandika kwenye karatasi yake bila kuniangalia. Nimeshaambiwa nitarajie barua ya kuachishwa kazi. Garrick aliposikia alinipigia simu akiwa na hasira, na Garrick wa siku hizi akikasirika maneno yanamkimbia, kwa hiyo tulikaa muda mrefu kwenye simu yeye akiyatafuta.

"Nilikuwa mtu mzima, Mzee," alisema mwishowe. "Uliniambia mara moja. Mimi nimefanya mara kumi na mbili."

Basi. Hayo ni maneno yake na yana ukweli, lakini hayanipunguzii mimi. Na hayawapunguzii walioziweka zile alama kwenye faili.

Ninyi mtakaoketi Jumamosi, najua mnachokiwaza, kwa sababu nimewasikia wenzenu kwa miaka thelathini na mmoja. Mnawaza kwamba yeye alikuwa na bahati mbaya, na kwamba mwenye nafasi ya pili yuko nyuma yenu anawapumulia shingoni. Yupo kweli. Mtakapogongwa atachukua nafasi, na huenda asiirudishe. Siwezi kuwaahidi kwamba mkijibu kweli klabu hii itawatendea haki, maana nimeiona. Ninachoweza kuwaambia ni kwamba siku ile mkeo atakapoisoma barua akiwa amesimama jikoni, kutakuwa na mahali palipoandikwa jinsi ulivyokuwa. Garrick angetoa zile yadi zote elfu thelathini na moja apate karatasi moja ya namna hiyo, na ameniambia niiandike sentensi hii kama alivyoisema.

Siku hizi anaendelea vizuri kuliko watu wanavyodhani na vibaya kuliko anavyoonekana. Anaendesha gari hadi shule na kurudi. Anawafungia wasichana chakula cha mchana kwa kufuata orodha iliyobandikwa kwenye friji, na orodha hiyo huandikwa na yule mdogo, kwa hiyo Jumatatu zote ni siagi ya karanga. Bo humpeleka kwenye tiba kila Alhamisi na bado anambishia kuhusu bata. Hasira zimepungua. Makaroni yamerudi mezani.

Ana ombi jingine, dogo. Anataka Jumamosi asubuhi aingie katika chumba cha mtihani kabla yenu, aketi kwenye kompyuta ya mbele, afanye mtihani wote mbele ya macho yenu, kwa uwezo wake wote, na alama zake zionyeshwe ukutani zikae hapo wakati ninyi mnafanya wa kwenu. Hajui atapata ngapi. Anasema hata ikiwa thelathini, iwekwe. Ofisi imejibu kwamba bado inalitafakari ombi hilo na kwamba huenda halilingani na hali ya sherehe. Inaweza kuendelea kutafakari. Ufunguo wa chumba kile ninao mimi, na barua yangu haijafika.

Garrick, kwa niaba ya wanaofua, wanaoshona, wanaofyeka majani na kubeba maji katika klabu hii, tunakushukuru kwa misimu kumi na mitatu, kwa taulo, kwa Jumapili zote ulizotupa, na kwa kusema ulichokisema wakati kunyamaza kulikuwa rahisi. Maisha yako yaliyo mbele yawe mema, wewe na Noreen na wasichana. Ijumaa uwanjani watakuja watu wengi kukushika mkono, na wengine utakuwa umeyasahau majina yao. Usijifanye unayakumbuka. Waulize, hata mimi, nami nitakutajia langu kila utakapolihitaji.